Kupima Oili ya Motokaa Nyumbani



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo ambalo kila mwenye motokaa hudhani analijua, nalo ni kupima oili ya injini. Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kufundisha walimu chuoni, na katika kazi hiyo nimezoea kuuliza swali moja ambalo wanafunzi wangu hawalipendi hata kidogo: Umejuaje? Mtu akiniambia kwamba chumba hiki kina urefu wa mita 6, namwuliza alipima kwa kitu gani, na mwisho wa utepe aliuweka wapi. Walakini kwa muda wa miaka mingi sikujiuliza swali hilo mimi mwenyewe, kila asubuhi nilipofunua boneti ya motokaa yangu. Nitawaeleza yaliyonipata, kisha nitawaeleza ninavyopima sasa.

Kwetu ni Nyakahanga, katika wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera. Wale wanaoijua nchi yetu wajua kwamba ni nchi ya vilima na mabonde. Mahali tambarare ni haba, na palipo tambarare mara nyingi pana shamba au pana maji ya mvua. Basi nyumba husimama begani mwa kilima, migomba imeizunguka, na uwanja wa mbele huteremka kidogo kuelekea njia. Mwenye nyumba huuona uwanja wake kuwa sawasawa kabisa, kwa sababu jicho lake limekulia pale pale. Mgeni akiangusha chungwa ndipo inapojulikana, maana chungwa halisimami mpaka lifike barabarani.

Mwaka 2018 nalikuwa na motokaa kuukuu iliyotoka Japani, kama zilivyo nyingi katika nchi hii. Kitabu chake cha maelezo kilikuwamo sandukuni mbele ya kiti cha abiria, safi kama kilivyotoka kiwandani, kwa kuwa kiliandikwa Kijapani na hapana mtu aliyepata kukisoma. Kila jioni naliiweka uani, pua yake ikielekea juu kilimani. Kila asubuhi nalifunua boneti, nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili, nikakitazama, nikaona utando wa oili umefika katikati ya alama mbili, nikakirudisha, nikaondoka na moyo mweupe. Majirani walinisifu kwa uangalifu wangu. Nami nalijisifu pia.

Siku moja nalimchukua mama yangu kumpeleka Bukoba kutazamwa macho. Tulitoka mapema. Tulipokuwa tukishuka kuelekea Kyaka, kwenye bonde la mto Kagera, taa nyekundu iliwaka mbele yangu, ile yenye picha ya kopo lenye mdomo mrefu linalodondosha tone. Iliwaka kwenye mteremko, ikazimika tulipofika pasipoteremka, ikawaka tena kwenye kona. Nilijiambia: oili nimeipima leo hii asubuhi, imo, taa hii ni nyaya zake tu zimelegea. Nikaendelea. Haikupita muda ukaanza mgongo wa chuma juu ya chuma, kama mtu apigaye mlango kwa ngumi kutoka ndani, kisha injini ikasimama, wala haikukubali kuzunguka tena. Mafundi wetu wana neno moja kwa jambo hilo, nao husema injini imenoki.

Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likakaribia kuchwa. Mama yangu hakunilaumu. Aliketi juu ya mkeka, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kila asubuhi ulikuwa ukitazama nini mle ndani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Siku yake ya kutazamwa macho ilipita, na fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake zikaenda kwenye injini.

Fundi aliyeifungua injini hiyo ni mzee mpole, mwenye maneno machache. Akaniuliza, "Mwalimu, ulipima wapi?" Nikasema, "Uani kwangu, fundi." Akasema, "Na uani kwako ni tambarare?" Nikasema ndiyo. Akacheka. Hakusema zaidi, akaendelea na spana yake. Jioni ile nalirudi nyumbani, nikachukua chupa ya maji iliyo wazi kwa macho, nikaijaza nusu, nikaifunga, nikailaza chini pale nilipokuwa nikiiweka motokaa. Maji yalikimbilia upande mmoja. Kisha nikapima kwa ubao na rula, nikaona kwamba ardhi yangu hupanda sentimita 10 kwa kila mita 1.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo kiini cha habari yangu. Chini ya injini kuna bakuli la chuma ambalo mafundi huliita sampu, na oili hukaa humo injini inapopumzika. Sisi wa Kagera twaweza kulifahamu upesi tukikumbuka ule mtumbwi wa mti unaokamuliwa ndizi kwa kufanya rubisi. (Sisemi habari za kunywa, nasema habari za mtumbwi.) Mtumbwi huo ukilazwa juu ya mteremko, juisi hujaa upande mmoja mpaka ikamwagika, na upande wa pili mbao huonekana kavu, ingawa juisi ni ile ile, haikuongezeka wala haikupungua hata tone. Sampu ni vivyo hivyo. Kijiti cha kupimia hakichovywi katikati yake sikuzote. Mara nyingi huingia karibu na mwisho mmoja. Katika motokaa yangu injini ililala kwa urefu wa gari, na kijiti kiliingia kama sentimita 10 nyuma ya katikati ya sampu. Ardhi ikiwa imepanda 1 kwa 10, oili pale penye kijiti huinuka sentimita 1 zaidi ya kweli. Nalichukua rula nikapima nafasi iliyo kati ya alama ya chini na alama ya juu ya kijiti: ilikuwa sentimita 2, na nafasi hiyo ilikuwa na ujazo wa lita 1. Basi mteremko peke yake ulikuwa ukinidanganya kwa nusu lita kila asubuhi. Nilipoona oili katikati, kweli ilikuwa kwenye alama ya chini kabisa.

Lakini nusu lita peke yake isingaliiua injini. Nalikuwa na kosa la pili. Nalichomoa kijiti mara moja tu, nikakisoma bila kukipangusa. Kijiti hukaa ndani ya mrija mwembamba, na kuta za mrija huo hulowa oili kwa kutikisika kwa gari. Kinapopanda, hujipaka oili hiyo njiani, na mtu huona utando mrefu kuliko uliomo ndani ya sampu. Makosa yangu mawili yalivuta upande mmoja, yote mawili yakinambia "ipo" mahali palipokuwa hapana. Oili ilipungua juma kwa juma, nami niliendelea kuona katikati. Hata tulipoteremka kwenda Kyaka, pua ya gari ikainama, oili chache iliyobaki ikakimbilia mbele, na pampu, ambayo huifyonza kutoka nyuma ya sampu, ikafyonza hewa. Ndiyo maana taa iliwaka kwenye mteremko na kuzimika penye usawa. Taa ilisema kweli, nami nalisadiki kijiti.

Na hapa nataka kusema neno juu ya taa hiyo, maana naona watu wengi wanaitegemea vibaya. Katika motokaa nyingi, taa nyekundu ya oili haipimi wingi wa oili. Yapima nguvu ya msukumo wake, yaani kama pampu inaisukuma kwenda kwenye vyuma vinavyozunguka. Oili yaweza kupungua mpaka chini ya alama ya chini na taa ikae kimya. Inapowaka, maana yake si "kumbuka kuongeza oili ukifika nyumbani." Maana yake ni kwamba sasa hivi vyuma vinasuguana vikavu. Weka gari kando, zima injini papo hapo, hata kama umebakiwa na kilomita moja kufika.

Haya basi, jinsi ya kupima. Kwanza tafuta mahali tambarare, na usilisadiki jicho lako. Waashi wana chombo chao kiitwacho pimamaji, na ukiwa na rafiki mwashi, mwazime. Usipokuwa nacho, ile chupa ya maji yatosha. Ilaze kwa urefu wa gari, kisha ilaze kwa upana, maana katika magari mengi ya siku hizi injini imewekwa kwa kukingama, na kwa injini ya namna hiyo kuinama kwa ubavuni hudhuru zaidi kuliko kuinama kwa mbele. Huku kwetu mahali pazuri ni sakafu ya saruji ya kuanikia buni, kama mwenyewe akikuruhusu na kama msimu wa kahawa umekwisha. Kiwanja cha mpira cha shule chaweza kufaa pia, ingawa nimeona viwanja ambavyo timu moja hucheza ikipanda kilima mpaka mapumziko. Vuta breki ya mkono, na kwa usalama weka jiwe kwenye gurudumu.

Pili, chagua saa. Wengine hupima injini ikiwa moto, wengine ikiwa baridi, nao hubishana. Ukweli ni kwamba joto hubadili kipimo kwa njia mbili. Oili ikipata moto hutanuka: lita 4 za oili baridi zikifika joto la injini inayofanya kazi huongezeka kadiri ya sehemu ya tano ya lita. Kwa upande mwingine, injini inapozunguka, sehemu ya oili huwa juu, imeenea katika vyuma na mifereji, haimo sampuni. Ukipima dakika ile ile uliyozima, utaona pungufu na utaongeza bure. Watengenezaji wengi huagiza kwamba injini ipashwe moto, izimwe, kisha mtu angoje dakika 5 au zaidi ndipo apime. Wengine huagiza vinginevyo, na kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Kama kimeandikwa kwa lugha usiyoijua, tafuta mtu akusomee ukurasa huo mmoja tu. Mimi nalifanya hivyo baada ya hasara, na ilimchukua msomaji dakika chache. Ukikosa kabisa kitabu, pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala mahali tambarare usiku kucha, au ngoja dakika 10 baada ya kuzima. Na lile ulilolichagua, lishike kila mara. Mtu anayepima leo baridi na kesho moto anapima hali ya hewa ya Karagwe, hapimi oili. Injini ikiwa moto, iepushe mikono na feni, maana katika magari mengine yaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Tatu ni kijiti chenyewe. Kichomoe, na mara hii ya kwanza usikisome. Kipanguse kwa kitambaa safi cha pamba kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka kichwa chake kikae vizuri mahali pake, maana kikibaki juu kidogo kitakudanganya. Kichomoe tena polepole. Kishike kimelala, ncha ikiinama kidogo, wala usikiinue ncha juu kama mshumaa, kwa kuwa oili itatiririka kurudi mkononi mwako na kuiacha alama ya uwongo. Tazama pande zote mbili. Zikitofautiana, sadiki ile ya chini. Oili mpya huwa angavu kama asali nyepesi, tena ni vigumu kuiona. Mimi hukilaza kijiti juu ya karatasi nyeupe ya daftari, na karatasi hunionyesha palipokoma. Kama pande hazipatani kabisa, panguse, rudia mara ya tatu.

Magari mengine yana vijiti viwili, cha injini na cha giaboksi. Hicho cha pili kina amri zake, na katika magari mengi hupimwa injini ikiwa inazunguka. Usivichanganye. Na yapo magari mapya yasiyo na kijiti, ambayo hupima yenyewe na kuandika mbele ya dereva. Nayo hutaka mahali tambarare vile vile.

Kijiti kikisema oili imepungua, ongeza kidogo kidogo. Nafasi kati ya alama mbili kwa magari mengi madogo yakaribia lita 1, lakini si yote, kwa hiyo tia robo lita kwa faneli safi, ngoja dakika kadhaa mpaka ishuke, ndipo upime tena. Watu wetu hupenda kujaza. Kwao chungu kilichojaa ni baraka. Lakini oili ikipita alama ya juu kwa wingi, kranki inayozunguka huipiga kama mtu apigaye mayai, ikafanya povu, na povu ni hewa. Pampu ikisukuma povu vyuma hukosa ulinzi, na mihuri ya mpira huanza kuvuja. Mtu aliyepima kwenye mteremko unaoelekea upande ule mwingine, pua chini mahali pangu pua juu, angaliona pungufu ya uwongo, naye angejaza kupita kiasi. Kilima kile kile chaweza kuua injini kwa njia mbili.

Mnaniuliza na rangi. Rangi haipimi wingi, wala weusi peke yake si ugonjwa. Oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa. Ila ukiona imekuwa kama kahawa iliyotiwa maziwa, maji yameingia, usiwashe, mwite fundi. Na ikinuka petroli, mwambie fundi vile vile.

Kitu cha mwisho kilichonisaidia ni daftari. Kwa mwalimu hilo halishangazi. Kila Jumamosi naandika tarehe, kilomita za gari, na mahali oili ilipofika, kwa milimita juu ya alama ya chini. Kipimo kimoja hukuambia kama waweza kusafiri leo. Vipimo kumi hukuambia gari lako linakula oili kiasi gani, na kama linaanza kula zaidi. Watengenezaji wengine huhesabu kwamba hata lita 1 kwa kilomita 1,000 haijawa ugonjwa. Mwenye gari la namna hiyo anayepima mara moja kwa miezi mitatu atakuta hapana cha kupima. Daftari langu lilionyesha kwamba injini iliyotengenezwa upya ilikunywa robo lita kwa kilomita 1,000, kisha mwaka uliofuata ikaanza kunywa nusu. Nalikwenda kwa fundi mapema. Muhuri mmoja ulikuwa ukivuja kidogo, tone kwa tone, na vumbi jekundu la njia zetu lilikuwa limeficha doa lake. Matengenezo yake yalikuwa rahisi kuliko safari ya kwenda kuyafanya.

Mama yangu alipata mabati yake mwaka uliofuata, na macho yake yalitazamwa baada ya miezi mitatu. Siku tuliyokwenda alisimama karibu nami uani, akataka aonyeshwe kijiti, akakisogeza karibu na uso wake akauliza ipi ni alama ya chini. Nalimwonyesha. Akasema, "Haya, pangusa, tazama tena."

Kabla ya safari hiyo nalikuwa nimemwita mwashi akajenga njia mbili za matofali na saruji mbele ya nyumba, kila moja kwa upana wa gurudumu, zimechimbiwa upande wa juu na kuinuliwa upande wa chini, zikapimwa kwa pimamaji kwa urefu na kwa kukingama. Majirani walidhani nimeanza kujenga banda la ng'ombe. Sasa Jumamosi asubuhi huja kupima magari yao hapo kwangu, na watoto huleta chupa ya maji wailaze, ingawa saruji haijaondoka mahali pake. Juma lililopita alikuja jamaa mmoja ambaye tangu mwezi mzima alikuwa akiniambia gari lake halipungui oili hata kidogo. Tuliliweka juu ya njia, tukangoja dakika 10, tukapangusa, tukachomoa mara ya pili. Lilipokea lita 1 na robo.